Mita Themanini Ndani ya Hori

Jumatatu mashine ya watu wa nyaya za intaneti
ilitoboa bomba letu la inchi nane, Mshomoroni,
maji yakaruka juu kupita paa la msikiti.
Watoto wakaoga bure. Mama wa mahamri
akaulilia unga wake. Mimi nikatumwa na ufunguo
nikaifunge vali ambayo ramani yetu yasema iko hapa,
na hapa palikuwa na choo.

"Tulichimba kwa ramani," walisema wale wa nyaya.
Kweli, walikuwa nayo. Haikuwa na maji ndani yake.
Yetu haikuwa na nyaya. Ya stima haikuwa na yeyote kati yetu.
Ya barabara ilionyesha shamba la minazi
na njia ya punda.

Aliyejua vali ilipo ni Tsuma, aliyestaafu Machi.
Nikampigia, akanielekeza kwa simu, mdomo umejaa chai:
simama kwa kinyozi, lipe mgongo duka la mafuta taa,
hatua kumi na nne.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata yenyewe tuliipa saa ya ukutani
tukaipigia makofi, ikaenda zake Mazeras.

Ndipo tukaitwa, idara zote, ukumbi mmoja, Tononoka:
kila mtu alete alichonacho, nchi iwe na ramani moja.
Walikuja na faili zilizofungwa kwa nywila
na juu ya nywila, barua ya mkubwa.
Wa ardhi walitaka ada. Wa stima walitaka kiapo.
Wa takwimu walikubali, ila si mwaka huu.
Kila mwamba ngoma huvutia kwake;
pale waambaji walikuwa tisa
na ngozi moja tu, mji wetu, ikilia pembeni.

Siku ya tatu mhandisi Lewela akachoka kusihi.
Akazitandaza ukutani, tabaka juu ya tabaka,
maji, viwanja, stima, majitaka,
kama kanga zilizorundikwa siku ya kuhama.
Barabara moja ikawa tatu, zikikimbizana.
Na nyumba ya Bi Mwanatumu Shee,
mteja wetu asiye na deni,
ikasimama mita themanini ndani ya hori la Tudor,
yeye na kuku wake.

Ukumbi ukacheka. Nami nilicheka.
Lewela hakucheka. "Hakuna aliyekosea kupima," akasema.
"Mmepima kutoka vitovu tofauti."

Alfajiri nikabisha hodi na chombo changu cha miguu mitatu.
"Mwanitia kwenye ramani? Nani ataiona?"
Wote, bibi. Ndiyo maana yake.
Akaikunja kanga, akaikunjua.
"Nyumba yangu. Ardhi si yangu. Mwenyewe simjui uso,
namjua wakala, na wakala namjua mkono.
Kesho huyo mwenyewe akiniona vizuri hivyo,
na bati langu jipya?"

Mafunzoni tulipewa safu ya jina, safu ya tarehe,
safu ya nani alipima na kwa chombo gani.
Nilisimama nikijifanya natafuta setilaiti.

Akanionea huruma, nadhani.
"Mwatafuta kitovu? Changu kimezikwa pale,
chini ya mkomamanga, na vya wanangu wanne.
Anzia hapo."

Nikaanzia hapo.
Setilaiti kumi na moja ziliitika,
kosa, sentimita mbili.

Usiku nikatuma kila kitu kwenye ghala la pamoja.
Penye maelezo niliandika:
Nyumba ipo nchi kavu. Mtu yumo. Mtakaoiona, ulizeni kwanza.
Sijui kama kuna asomaye maelezo.

Na vali nayo nimeitia, chini ya choo,
hatua kumi na nne kutoka kwa kinyozi;
na kwa kuwa vinyozi huhama,
nimeandika pia urefu wa Tsuma.